Mdukizi Asiyebisha Hodi

Husemwa katika mabaraza ya wapenzi wa vitabu kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imeuliwa na simu ya mkononi. Hoja yenyewe ni nyepesi, na ndiyo maana imeenea. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyotoka mwaka 1960, alihitaji kiko chake, subira yake na mazungumzo marefu ili aufikie ukweli ambao leo, ati, ungepatikana kwa kuomba orodha ya namba zilizopigwa usiku wa mauaji. Willy Gamba wa Elvis Musiba alihangaika kuwasaka watu ambao siku hizi wangeonekana kwenye kioo cha simu wakiwa wameketi. Fumbo limekwisha, husemwa, na palipokwisha fumbo hapana riwaya.

Hoja hiyo haiji peke yake. Nyuma yake hufuata nyingine yenye dharau zaidi: kwamba lau ingekuwapo haja ya kuandika riwaya ya taharuki kuhusu simu inayomwandama mwenyewe, na kuhusu familia inayovuliwa sitara yake bila kujua, basi mahali pa riwaya hiyo ni Nairobi, au London, au jengo refu la katikati ya Dar es Salaam. Haiwezi kuwa delta ya Rufiji, nchi ya mikoko na mitumbwi, ambako mtu huutafuta mtandao kwa kupanda juu ya kichuguu. Haiwezi kuwa Kibiti.

Zote mbili ni hoja za uvivu, na hii ya pili ni uvivu uliojivika kilemba.

Miaka mitano tu baada ya Mzimu wa Watu wa Kale, Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Ulikuwa mwaka 1965. Simu wakati huo ilikuwa chombo cha ofisi na cha nyumba chache za wakubwa. Walio wengi waliijua kwa kuisikia ikilia upande wa pili wa ukuta. Hata hivyo mtunzi wa Kiswahili alikwisha kuiona kuwa ni mlango ambao mauti yaweza kuupitia, akaiweka juu ya jalada. Anayedai kwamba simu imeiua riwaya ya upelelezi angeanza kwa kulitafakari jina hilo. Simu haikulimaliza fumbo, imeligeuza uso. Zamani aliyejificha alikuwa mhalifu, na msomaji alisimama nyuma ya bega la mpelelezi akitazama mbele pamoja naye. Sasa aliyejificha ni yule atazamaye, na msomaji yumo miongoni mwa wanaotazamwa. Swali si tena nani kaua. Swali ni nani anatazama, tangu lini, na kaonyeshwa njia na nani. Mtunzi anayeona kwamba hapo hapana fumbo amechoka yeye, asiisingizie simu.

Ama kuhusu delta, kama ipo sehemu ya pwani hii iliyotangulia kufahamu maana ya kusakwa kwa mitambo, ni hiyo. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wa Unguja, kisha ikaenda kujificha ndani ya vijito vya Rufiji, mikoko ikaifunika. Waingereza hawakuweza kuifuata kwa meli zao kubwa. Waliitafuta kwa ndege, baadhi yake zikirukia kisiwani Mafia, na mwisho walio angani wakawapelekea wapiga mizinga habari kwa simu ya upepo, hadi ilipokwisha kazi yake tarehe 11 Julai 1915. Leo wapo wanaodhani kwamba jicho la angani ni uzushi wa jana. Wazee wa vijiji vya delta waliliona likizunguka juu ya mashamba yao ya mpunga wakati ambapo miji mingi mikubwa ya bara hili ilikuwa haijaona ndege hata moja. Kisa hicho kilimpatia Wilbur Smith riwaya yake Shout at the Devil mwaka 1968, na filamu ikatoka 1976. Wageni wamekwisha kuvuna hapo riwaya ya taharuki. Wenyeji wa mikoko hiyo wamo ndani yake kwa kiasi kile kile ambacho mikoko imo. Watunzi wa Kiswahili wameacha shamba limelimwa na wengine, kisha wanasema halioti kitu.

Wala delta haikuonja kuchunguliwa kwa jicho la angani peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, na tena katika miaka ya 1970, watu wa bonde la Rufiji walihamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya mafuriko na kupelekwa katika vijiji vya mpango. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana: mafuriko, shule, zahanati, maji. Lakini aliyekuwa amezoea dungu, kile kibanda juu ya nguzo ambamo mkulima hukaa kuuhami mpunga na ndege na nguruwe, alizoea kuwa yeye ndiye anayeona mbali. Katika kijiji cha mstari mlango ulitazamana na mlango, na moshi wa jiko la mtu ukawa habari ya jirani na ya mtendaji. Hilo halikuandikwa katika hesabu ya hasara. Sitara haina bei sokoni, kwa hiyo haikuhesabiwa.

Hapo ndipo inapoingia Kibiti.

Kati ya mwaka 2015 na 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika msimu wa mauaji ambao Tanzania Bara haikuwa imeuzoea. Waliouawa walikuwa askari polisi, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala wa ngazi za chini. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa mkupuo mmoja katika kijiji cha Mkengeni. Serikali ikaunda kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji, pikipiki zikazuiwa kutembea usiku, na operesheni ikaingia vijijini. Magazeti yaliandika habari za risasi na za silaha zilizoporwa, nayo yalifanya kazi yake. Jambo ambalo halikupata nafasi ni kwamba vita vile vilipiganiwa mlangoni. Hapakuwa na uwanja wa mapambano. Muuaji alikuja nyumbani kwa mtu, au alimvizia njiani akirudi nyumbani. Na waliomsaka muuaji, kwa kauli za ndugu waliobaki wakiuliza habari za watu wao, nao walikuja nyumbani. Kila upande ulihitaji kujua kitu kimoja tu: nani analala wapi.

Katikati ya habari hizo alikuwapo mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti kutoka Kibiti kwa magazeti ya Mwananchi na The Citizen. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka. Kwa maelezo aliyoyatoa mkewe kwa vyombo vya habari, wanaume wanne walikuja na mumewe kwa gari jeupe hadi shambani alikokuwa mke, na mume akamwuliza ufunguo wa nyumba ameuweka wapi, akamwambia anakwenda safari ya dharura na kwamba atarudi. Mke aliporejea nyumbani aliikuta imepekuliwa. Azory hakurudi, wala hajaonekana hadi leo. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyofahamika kuwa mwandishi huyo amekwisha kufa, kisha akasema kuwa hakueleweka vizuri. Familia iliachiwa kauli ambayo haiwezi kuizika wala kuitundika.

Novemba 2018 maofisa wawili wa Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, Angela Quintal na Muthoki Mumo, walikuja Tanzania, na miongoni mwa waliyotaka kuyajua ni habari za Azory. Walichukuliwa usiku kutoka hotelini Dar es Salaam, wakahojiwa, simu na kompyuta zao zikachukuliwa. Wangali mikononi mwa waliowachukua, ukatoka ujumbe katika ukurasa wa Quintal, kwa jina lake, ukisema kwamba wamekwisha kuachiwa. Na asome hapo anayesema fumbo limekwisha. Simu ya mtu inasema, kwa sauti yake, kwamba yuko salama, ilhali mwenyewe amefungiwa chumbani. Katalambulla angeuza nusu ya vitabu vyake ili apate sura moja kama hiyo.

Tena kuna Lissu. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza lilieleza madai yaliyowasilishwa mbele ya baraza la kesi za kazi mjini London na mchunguzi wa zamani wa kampuni ya Millicom, iliyokuwa ikiimiliki Tigo: kwamba mwaka 2017, katika wiki zilizotangulia kupigwa risasi kwa Tundu Lissu mjini Dodoma tarehe 7 Septemba, taarifa za simu zake na za mahali alipo zilikuwa zikipelekwa serikalini. Madai ni madai, na yaachiwe wenye kazi ya kuyapima. Lakini kila mwenye simu pwani nzima aliyeyasoma alikitazama kifaa kilichokuwa mkononi mwake, na hakikuwa tena kile cha jana yake.

Hufika hapa mpinzani wa tatu, naye ni mwanachuoni. Yeye husema kwamba hofu hii yote ya kuchunguliwa ni ya kuazima. Kwamba faragha ni dhana ya Mzungu aliyejifungia chumbani mwake. Kwamba Mswahili huishi barazani, siri yake ni ya mtaa mzima, na kwa hiyo hana cha kupokonywa. Hoja hii hupendeza masikioni kwa sababu inajidai kuutetea utamaduni. Yafaa ijibiwe kwa kirefu kuliko zile nyingine.

Aliyeijenga baraza aliijenga nje. Hilo peke yake linatosha kuwa jibu. Mgeni hukaa barazani kusudi asiwe ndani. Akisogezwa husogezwa hadi ukumbini, na nyuma ya ukumbi kuna ndani, na nyuma ya ndani kuna uani, na kila kizingiti kina ruhusa yake. Nyumba ya udongo na makuti ya Mrufiji haina daka wala mlango wa nakshi, lakini ina ua wake wa makuti na ina hodi. Mtu hubisha hodi akiwa mbali kidogo na mlango, hugeuza uso pembeni, na akiisha kubisha mara tatu bila kuitikiwa hurudi alikotoka, wala hanung'uniki. Dini ya walio wengi katika delta imeliweka jambo hilo kuwa hukumu, si adabu tu. Watoto hufundishwa hata na nyakati ambazo hawawatokei wazazi wao ghafla. Huu si utamaduni usiojua faragha. Ni utamaduni ulioigawa faragha vyumba, ukaipa kila chumba mlinzi.

Lugha nayo inatoa ushahidi. Kuna sitara, kuna faragha, kuna siri, na si neno moja lenye nguo tatu. Kuna kuchungulia, kuna kunyemelea, kuna kuvizia, kuna kudoya. Na kuna dukizi, neno ambalo kamusi za zamani zimelihifadhi kwa mtu asikilizaye maneno ya watu kwa kificho ili akayatembeze. Jamii isiyo na siri haitungi jina la mwizi wa siri. Hata Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16 iliyoingia pamoja na haki nyingine mwaka 1984, haikuishia kwenye mtu na mawasiliano yake. Ilipotaka kusema kitu kinacholindwa ilitumia neno unyumba. Waliolichagua walijua wanasema nini. Ajabu ni kwamba ibara hiyo hiyo, hatua mbili mbele, inaikabidhi serikali kazi ya kuweka utaratibu wa jinsi haki hiyo inavyoweza kuingiliwa.

Na ushairi? Wasomaji wa beti hawahitaji kukumbushwa kwamba fumbo ni ufundi wa kusema hadharani bila kuvua nguo ya mtu. Leso inayosema na jirani bila kumtaja, wimbo wa taarabu ambao wawili tu ukumbini wanajua umemlenga nani, jibu la malenga linalopita juu ya vichwa vya walio wengi likatua pale lilipotumwa: pwani ilikuwa na njia zake za kufunga ujumbe kwa ufunguo karne nyingi kabla ya kompyuta. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwanachuoni anayesema Mswahili hana siri ameketi juu ya hazina akiomba sadaka.

Mpinzani wa nne ni maarufu kuliko wote, na hana elimu yoyote; ana kauli moja tu, kwamba asiye na kosa haogopi. Aliitumia mwaka 2018, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilipowataka wenye vibanda vya intaneti kufunga kamera za kuwarekodi wateja. Aliitumia tena kuanzia Mei 2019 laini za simu ziliposajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, watu wakapanga foleni hadi mwisho wa Desemba, kisha hadi tarehe 20 Januari 2020 muda ulipoongezwa. Mzee wa Salale au Mbwera aliyevuka kwa mtumbwi ili akatoe kidole chake hakuambiwa kidole hicho kitalala wapi wala kitaonyeshwa kwa nani. Alibonyeza, kikakataa kwa sababu ya sugu za jembe na kasia, akaambiwa abonyeze tena. Lilikuwapo lengo la kuwabana matapeli wa mitandao, na halikuwa la uongo. Lakini matapeli wangali wakituma ujumbe wao wa kuomba pesa, ilhali kidole cha mzee hakirudi.

Asiye na kosa haogopi: mwenyekiti wa kitongoji aliyeuawa Kibiti alikuwa na kosa gani? Kosa lake lilikuwa kujulikana. Kijana aliyechukuliwa kwa kushukiwa, kisha asionekane, kosa lake lilithibitishwa na nani? Mahali ambapo watu wa pande mbili wanapita usiku wakitafuta milango, aliye na hatia na asiye nayo wanalala chini ya paa moja la makuti, na habari za paa hilo ni silaha mikononi mwa yeyote aliyezipata kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Ni hatua, na anayeibeza hajui ilikotoka. Ila sheria hiyo, kama dada zake wengi duniani, inapunguza mkono wake pale penye usalama wa Taifa na upelelezi wa makosa. Kibiti palikuwa hapo hasa.

Wala asidhani msomaji kwamba mdukizi ni dola peke yake. Mume anayeamka usiku akachukua kidole cha mkewe aliyelala na kukiweka juu ya simu ni mdukizi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imekataza kuingia katika kifaa cha mwingine bila ruhusa, ingawa hapana mke wa kijijini aliyewahi kuambiwa hivyo. Mkopeshaji anayewapigia wazazi na mashemeji wa mdaiwa kwa sababu programu yake imenyonya majina yote yaliyokuwa kwenye simu ni mdukizi. Yeyote anayejifanya kutuma pesa kwa namba asiyoijua, akasubiri jina la mwenyewe litokee, akalinakili na kuacha kutuma, amekwisha kuingia ukumbini bila hodi. Riwaya ya namna hii haihitaji jasusi mwenye suti. Inahitaji watu wanne, nyumba moja, na simu moja inayopokezanwa.

Lililobaki ni gumu, nalo halisemwi sana. Riwaya ya taharuki yenyewe ni uchunguzi. Humpeleka msomaji chumbani kwa watu, humfungulia sanduku, humsomea barua. Mtunzi atakayeandika juu ya Kibiti kwa namna hiyo, akamfuata mjane hadi kitandani ili apate machozi ya sura ya tano, atakuwa amefanya lile lile analolilaumu, na kwa watu wale wale. Wapo wanaohitimisha hapo kwamba basi ni heri kunyamaza, kwa kuwaheshimu waliofiwa. Hapana. Kimya kimekwisha kuwahudumia watu ambao hawakustahili kuhudumiwa. Kinachotakiwa ni mtunzi anayejua kukaa barazani: amweke kwenye mwanga yule atazamaye, amfuate huyo hadi ofisini kwake, ahesabu vikombe vyake vya chai, aonyeshe anavyoandika namba ya mtu na anavyoinakili, nani alimpa, na alilipwa kwa fedha au kwa woga. Familia aiache nyuma ya mlango wake. Msomaji aijue kwa sauti ya kinu uani, kwa taa iliyozimwa mapema kuliko kawaida, kwa mtoto aliyetumwa dukani asirudi na jibu. Ufundi huo si mgeni kwa watu waliolelewa kwa mafumbo. Muhammed Said Abdulla aliwaacha Wazanzibari wengi vitabuni mwake na siri zao, akachukua ile moja tu aliyoihitaji.

Majina ya kweli yabaki kwenye magazeti, yalikotajwa kwa ushujaa na kwa gharama. Riwaya itunge ya kwake. Itunge kijiji chake pia, mahali fulani kati ya daraja la Mkapa na bandari ya Nyamisati, ambako boti za Mafia hungoja maji yajae. Itunge mtendaji wake, fundi simu wake mwenye kibanda cha mabati, na mwandishi wake mwenye daftari. Wachapishaji wa Dar es Salaam watasema kwamba kitabu cha namna hiyo hakitaingia katika mtaala. Ni kweli, hakitaingia. Simu ya Kifo nayo haikuandikwa kwa ajili ya mtihani, ikasomwa.